Jedwali la slaidi limepinda: tafuta chanzo kabla ya kuvuta mistari

Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba, makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika wanaanza kuingia steshenari kwangu, hapa Mtwara mjini, flashi mkononi na ombi moja: "Ninyooshee hili jedwali." Wanafunzi huja mwaka mzima na tatizo hilohilo, na watendaji wa kata pia. Nimenyoosha mengi kiasi kwamba nikiona namna lilivyopinda, mara nyingi najua kilicholipindisha. Na mara nyingi si kile ambacho mwenye jedwali amekesha akihangaika nacho.

Kuna mkutano mmoja ulionifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Niliitwa kuendesha projekta kwenye mkutano mkuu wa chama fulani huku kusini. Katibu alikuwa ameandaa slaidi mwenyewe, zimekaa vizuri kabisa kwenye kompyuta yake. Tukazihamishia kwenye kompyuta ya ukumbini, na kichwa cha "Makato" kikaja kusimama juu ya tarakimu za mauzo. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akanyanyuka: "Mwanangu, yaani mauzo yote yamekatwa?" Katibu akajibu, "Hapana mzee wangu, hayo ndiyo mauzo yenyewe, kichwa tu kimehama." Mzee akauliza, "Kichwa kinahamaje?" Ukumbi ukachafuka. Ilichukua karibu nusu saa watu kutulia, na hakuna shilingi hata moja iliyokuwa imepotea.

Swali la yule mzee ni zuri na lina majibu. Majina ya vitufe nitakayotaja ni ya PowerPoint, kwa sababu ndiyo ninayoiona zaidi, lakini vyanzo ni vilevile ukitumia Google Slides au Impress ya LibreOffice.

Kwanza: hilo ni jedwali kweli?

Bofya juu ya tarakimu yoyote. Yakitokea mambo mawili, yaani visanduku vyenye mipaka yake na menyu mbili mpya juu, Table Design na Layout, una jedwali la kweli. Ukiona fremu moja tu imezunguka maandishi yote, hilo si jedwali, ni aya iliyosukumwa kwa kitufe cha nafasi au cha Tab. Na kama huwezi kuingiza mshale ndani ya maandishi hata kidogo, hiyo ni picha: mtu amepiga picha ya karatasi, au amenakili kutoka Excel akabandika kama picha. Picha hainyooshwi. Iandike upya na usipoteze jioni yako.

Kwangu lilinyooka, ukumbini limepinda

Hiki ndicho kisa cha yule katibu. Alipanga safu zake, yaani zile zinazoshuka wima, kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka jicho likaridhika. Ubaya ni kwamba herufi hazilingani upana. Andika "iiiii" na chini yake "mmmmm" uone: herufi tano juu, tano chini, lakini mstari wa chini unauzidi ule wa juu kwa mbali. Kwa hiyo nafasi kumi baada ya jina fupi na nafasi kumi baada ya jina refu haziishii mahali pamoja. Yeye alizirekebisha moja moja mpaka zikalingana kwa fonti iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Kompyuta ya ukumbini haikuwa na fonti hiyo, ikachukua nyingine yenye upana wake, na kila mstari ukasogea kwa kiasi chake.

Hapa hakuna dawa ya kuongeza au kupunguza nafasi. Jenga jedwali: Insert, kisha Table, chagua idadi ya safu na mistari. Kama uliyempokea kazi alitumia Tab badala ya nafasi, una bahati. Nakili maandishi yote, yabandike kwenye Excel, na kila Tab itakugawia safu yake. Nakili tena kutoka Excel, rudi PowerPoint, ubandike. Dakika mbili kazi imekwisha. Kama alitumia nafasi, itabidi uandike, na ni heri uandike leo kuliko kusimama mbele ya watu ukieleza kichwa kimehamaje.

Kuna wengine wana jedwali la kweli na bado linaharibika ukumbini. Dalili yake ni tofauti: safu hazihami, ila neno moja la kichwa linaanguka mstari wa pili, au tarakimu ya mwisho inakatika ikashuka chini, na jedwali zima linarefuka mpaka linatoka nje ya slaidi. Chanzo ni fonti ileile isiyokuwepo. Naiona sana kwa vijana wanaotengeneza slaidi kwenye simu, wakachagua fonti nzuri ya mtandaoni, kisha wakafungulia kwenye kompyuta ya ofisi. Tumia Arial au Calibri, ambazo karibu kila kompyuta yenye PowerPoint inazo. Ukiing'ang'ania fonti yako, kwenye Windows ingia File, Options, Save, weka alama kwenye Embed fonts in the file, ingawa zipo fonti ambazo leseni yake hairuhusu kufungwa ndani ya faili. Vyovyote vile, usiijaze safu mpaka ukingoni. Acha upenyo wa herufi mbili tatu kila safu, ili fonti nyingine ikiingia pasiwe na kitu cha kuanguka.

Tarakimu hazishikani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo jedwali linapokuwa na faida au linapogeuka pambo.

Watu wengi huweka tarakimu katikati ya safu kwa sababu kunaonekana kupendeza. Tazama idadi ya magunia ya minada mitatu ya mfano, kushoto zimewekwa katikati, kulia zimeegemezwa kulia:

```
 Magunia            Magunia
   980                  980
  1,250               1,250
 12,400              12,400
```

Za kushoto zinatanuka kama kichuguu. Mamoja hayako chini ya mamoja, koma haziko chini ya koma, na msomaji analazimika kuisoma kila tarakimu peke yake ndipo ajue ipi kubwa. Za kulia huhitaji hata kuzisoma. Ile iliyochomoza zaidi kushoto ndiyo kubwa, na mtu aliye benchi la nyuma anaiona hata kama macho yamechoka. Kwa hiyo majina na maneno yaanzie kushoto, tarakimu zote ziegemee kulia. Peleka kipanya juu kabisa ya safu mpaka mshale mweusi utazame chini, bofya, safu yote inachaguliwa pamoja na kichwa chake, kisha Ctrl+R.

Umefanya hivyo na bado hazishikani? Angalia haya.

Mosi, desimali. Bei ya 2,450 ikikaa juu ya 2,512.50, mwisho wa zote mbili unalingana lakini mamoja yamehama. Dawa rahisi ni kuandika desimali sawasawa kila mahali: 2,450.00 na 2,512.50. Upo pia ufundi wa kusimamisha nukta kwa rula. Unafungua rula kwa Alt+Shift+F9, unachagua alama ya desimali pale kwenye kona, unaibandika juu ya rula, kisha ndani ya seli (kisanduku kimoja cha jedwali) unabonyeza Ctrl+Tab, maana Tab peke yake itakurusha seli inayofuata. Unafanya kazi, lakini mimi huuacha. Ukimpa mwingine faili akaongeza mstari, hatajua kuna Tab iliyofichwa.

Pili, nafasi zilizojificha. Hili linatoka Excel. Seli ikiwa na mtindo wa Accounting, Excel huacha upenyo kabla na baada ya tarakimu ili mabano ya hasara yapate pa kukaa, na unaponakili, upenyo huo unaweza kuja kama nafasi halisi. Ingia ndani ya seli, bonyeza End. Mshale ukisimama mbali na tarakimu ya mwisho badala ya kuigusa, nafasi ipo. Bonyeza Home uchunguze na upande wa pili. Kama seli ni nyingi, rudi Excel, badilisha mtindo uwe Number, nakili upya. Usijaribu kufuta nafasi zote kwa Ctrl+H. Itafuta na zile zilizo kati ya maneno kwenye slaidi nyingine, na nimeshuhudia mtu akiharibu wasilisho zima usiku wa kuamkia mkutano.

Tatu, vipimo ndani ya seli. Mmoja kaandika "1,250 kg", mwingine "980kg", wa tatu "12,400" tupu. Zikiegemea kulia, kinacholingana ni herufi, si tarakimu. Kipimo kiandike mara moja kwenye kichwa, "Kilo" au "Malipo (TSh)", na seli zibaki na tarakimu tupu.

Nne, na hii ni nadra, fonti zenyewe. Georgia na Candara zina tarakimu zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo. Kwenye aya zinapendeza, kwenye safu ya fedha zinafanya mstari uonekane unayumba. Badilisha fonti ya jedwali tu, si lazima slaidi nzima.

Kichwa hakikai juu ya kilicho chake

Ukichukua jambo moja tu kwenye haya yote, chukua hili: kichwa kifuate kilicho chini yake. Safu ya majina inaanzia kushoto, basi kichwa chake kianzie kushoto. Safu ya tarakimu imeegemea kulia, kichwa nacho kulia. Kuweka vichwa vyote katikati huku vilivyo chini vimegawanyika kushoto na kulia ndiko kunakofanya jedwali lionekane limepinda hata kama kila mstari umenyooka. Kwenye safu pana ni hatari zaidi, maana kichwa kinaelea katikati na tarakimu zimekwenda kulia kabisa, karibu na safu ya jirani. Jicho linaunganisha vilivyo karibu. Ndivyo "Makato" yanavyopata mauzo yasiyo yake.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mtu alichagua tarakimu peke yake alipobonyeza Ctrl+R, mstari wa vichwa akauacha. Kama vichwa umeviegemeza kulia na bado vimesogea kidogo ndani au nje, kuna mambo mawili ya kuchungulia. Moja ni ujongezaji wa aya. Kichwa kilinakiliwa kutoka orodha yenye vitone, kitone kikafutwa, lakini ule mruko wake ukabaki. Chagua seli, fungua dirisha la Paragraph, weka Before text iwe 0 na Special iwe none. La pili ni pambizo za seli. Kwa kawaida PowerPoint huacha sentimita 0.25 kushoto na kulia, na 0.13 juu na chini. Safu zilizobandikwa kutoka faili jingine zinaweza kuja na zake. Chagua jedwali lote, nenda Layout, Cell Margins, bonyeza Normal, zote zitarudi kwenye kipimo kimoja.

Pambizo hizohizo zina kazi nyingine ambayo watu huisahau. Safu ya tarakimu iliyoegemea kulia ikifuatiwa na safu ya maneno yanayoanzia kushoto, vitu viwili vinagongana: "12,400Imelipwa". Watu hupachika nafasi ili kutenganisha, na tumerudi kulekule. Badala yake, chagua ile safu ya tarakimu pamoja na kichwa chake, ongeza pambizo ya kulia mpaka pumzi ionekane.

Halafu kuna vichwa vya urefu tofauti. Kimoja kina neno moja, kingine kimekunjwa mistari miwili, na kile kifupi kimebaki juu kama kinaning'inia. Chagua mstari wa vichwa, Layout, Align Bottom. Vyote vitashuka kukaa karibu na tarakimu zake. Hata hivyo, mara nyingi dawa bora ni kufupisha. "Jumla ya malipo baada ya kutoa makato yote" si kichwa, ni sentensi. Andika "Malipo", na maelezo yaweke chini ya jedwali kwa herufi ndogo au uyaseme kwa mdomo.

Vichwa vya ghorofa mbili

Chukua jedwali la matokeo ya mnada. Mistari ni vyama vikuu vyetu vya ushirika, MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao, na safu ni kilo zilizouzwa, kisha bei kwa kilo, ambayo ina mbili ndani yake: ya juu na ya chini. Hapa kila anayeanza huvunjika moyo.

Dalili: umeandika "Bei kwa kilo" juu, "Juu" na "Chini" chini yake, lakini mpaka kati ya "Juu" na "Chini" hauendi sambamba na mpaka wa tarakimu zilizo chini. Ukivuta mmoja, mwingine nao unachezacheza. Ukibonyeza Distribute Columns ndiyo inaharibika kabisa, safu moja nene, nyingine uzi.

Chanzo: umetumia Split Cells. Ulianza na safu chache, ukapasua seli moja moja ulipohitaji mbili. Kila ukipasua, PowerPoint inaongeza safu mpya kwenye gridi nzima kwa siri, na seli ambazo hukuzipasua inazifanya zivuke safu mbili. Baada ya kupasua mara nne tano, jedwali linaloonekana na jedwali lililopo chini yake ni vitu viwili tofauti.

Dawa ni kugeuza mpangilio wa kazi. Hesabu kwanza safu za chini kabisa, pale penye tarakimu. Kwa mfano wetu ni nne: chama kikuu, kilo, juu, chini. Jenga jedwali la safu nne kamili, na vichwa vipewe mistari miwili. Andika tarakimu zote, egemeza kulia, panga upana wa safu, na kama unataka "Juu" na "Chini" zilingane, zichague hizo mbili tu ndipo ubonyeze Distribute Columns. Ukisharidhika kabisa, ndipo uunganishe: chagua seli mbili zilizo juu ya "Juu" na "Chini", Merge Cells, andika "Bei kwa kilo (TSh)". Hiki kiweke katikati, maana kinatawala safu mbili na si moja, na hapa ndipo pekee ninapokubali kichwa cha katikati juu ya tarakimu. "Kilo" unaunganisha seli zake mbili kwa wima, kisha Align Bottom, isije ikaelea ghorofani peke yake.

Kuunganisha kuwe kazi ya mwisho kabisa. Nimewaambia vijana wengi hivi na wote hutikisa kichwa, kisha wanaanza kwa kuunganisha.

Na Lindi Mwambao? Jina hilo ni refu kuliko wenzake, litakunjika kwanza. Ipe safu ya majina upana wa jina refu kuliko yote, usigawe safu zote sawa kwa kuwa tu kitufe kipo. Jina likilazimika kukunjika, egemeza seli zote za mstari huo katikati kwa wima ili tarakimu zisibaki juu.

Mstari haupungui kimo

Hili ni la haraka. Ukivuta mpaka wa chini na mstari unagoma, kuna seli yenye Enter iliyozidi, au kuna seli tupu ambayo bado ina ukubwa wa herufi wa 18 ambao jedwali jipya huanza nao. Seli tupu nayo ina herufi isiyoonekana. Chagua mstari mzima, pamoja na seli tupu, punguza ukubwa, kisha vuta.

Ukibadilisha slaidi jedwali linaruka

Orodha ya matawi ikizidi slaidi moja, PowerPoint haitaiendeleza slaidi inayofuata, wala haitarudia vichwa kama Word inavyoweza kufanya. Watu huchora jedwali jipya kwa jicho, na wakibonyeza kwenda mbele, ukumbi mzima unaona safu zikihama kwa nusu sentimita. Tengeneza la kwanza likamilike, kisha nakili slaidi yenyewe kwa Ctrl+D upande wa kushoto zinakoorodheshwa, na ubadilishe tarakimu tu. Upana wa safu na mahali lilipo vitabaki vilevile. Kama umeshachora mawili tofauti, bofya kulia ukingoni mwa jedwali, Format Shape, fungua sehemu ya Position, andika vipimo vilevile kwa yote mawili. Mimi sizidishi mistari minane kwa slaidi. Zaidi ya hapo wa nyuma hasomi, anaangalia tu.

Jedwali likionekana limebanwa au limetanuliwa lote kwa pamoja, tatizo si safu. Slaidi za sasa huwa na upana wa sentimita 33.87 kwa kimo cha 19.05, za zamani ni 25.4 kwa 19.05, na mtu ameibadilisha moja kuwa nyingine mwishoni. Amua ukubwa wa slaidi kabla ya kuchora chochote, ukishauliza projekta ya ukumbini ni ya aina gani.

Kabla ya kutoka nyumbani

Weka ukingo wa karatasi wima kwenye kioo cha kompyuta, ukipita kwenye tarakimu za mwisho za safu moja, kuanzia kichwa hadi jumla. Kisichogusa karatasi kimesogea. Kisha hifadhi nakala ya pili kama PDF na uiweke kwenye flashi ileile. PDF inasafiri na sura ya fonti zake, haiulizi kompyuta ya ukumbini ina nini. Yule katibu sasa hufungua PDF moja kwa moja, na faili la PowerPoint hulibeba kwa ajili ya kusahihisha tu.